Anatolia Hakuwa Anti

Katika chuo cha ualimu cha wasichana kilichokuwa kilimani, kwenye njia ya Kanoni, neno "anti" lilipendwa kuliko sukari. Mwaka ule wa 1953 wasichana walilipata asubuhi darasani kwa Misi Pell, na kufika jioni lilikuwa limeshaingia jikoni, bwenini na kisimani. Mpishi akawa anti. Mama aliyeleta maziwa akawa anti. Xaveria, binti wa mfanyabiashara wa Bukoba, aliyelala kitanda cha jirani na Kemirembe, aliwaita anti hata kuku wa mlinzi. Alisema walikuwa wanene na walimtazama kama wanaojua siri zake.

Kemirembe hakulipenda. Si kwamba Kiingereza kilimshinda; katika darasa lile hakuna aliyemfikia. Alilipa kisogo kwa sababu alilielewa.

Siku ya somo lenyewe Misi Pell, mkuu wa chuo, alichora ubaoni mti wa ukoo, mizizi juu na matawi chini. Akaeleza kwa fimbo yake ya ubaoni. Dada wa mama yako ni anti. Dada wa baba yako ni anti. Mke wa mjomba wako ni anti, na mke wa baba yako mdogo pia. Rafiki wa mama yako ambaye si ndugu wala jamaa, mtoto mwenye adabu atamwita anti vilevile. Tena kwao, alisema, gazeti huwa na mwanamke wa kuwajibu watu waliovunjika moyo katika mapenzi, na wasomaji humwita anti, ingawa huenda ni mzee wa kiume mwenye ndevu na kiko.

Kemirembe aliinua mkono. "Misi, sasa mtu akikwambia anti yake anakuja, utajuaje kama upige magoti au ukimbie?"

Darasa likaangua kicheko, maana kila msichana alikuwa amemwona shangazi yake akiingia uani: yule anayeokota maganda ya ndizi ulizomenya aone kama umeacha nyama, yule atakayekuingiza ndani wiki ya arusi akuambie mambo ambayo mama hawezi kuyatamka, yule ambaye akikohoa ukoo mzima hunyamaza. Huyo alikuwa mtu mmoja. Dada wa mama alikuwa mtu mwingine kabisa. Huyo alikuwa mama. Aliitwa mkubwa au mdogo kuonyesha nani alitangulia kuzaliwa, basi.

"Kwetu hatupigi magoti," Misi Pell alisema, naye akitabasamu. "Tunapeleka kadi wakati wa Noeli."

Wiki chache baadaye Cassian aliingia langoni akiisukuma baiskeli, suruali imelowa tope mpaka magotini. Alikuwa mtoto wa mjomba wake Kemirembe, kijana wa maneno mengi, lakini asubuhi ile alipita mbele ya wasichana bila hata kuwatania. Alimkuta Kemirembe ofisini, akisaidia kupanga vitabu, na Misi Pell mezani.

"Shikamoo, Misi. Nimemfuata Kemirembe. Mama yake amefariki."

Misi Pell alisimama mara moja. Alimshika Kemirembe bega. "Masikini. Yule mama aliyekuja siku ya wazazi na mkungu mkubwa kichwani? Dafroza?"

"Hapana, Misi," Cassian alisema. "Dafroza ni mzima. Ndiye aliyenituma."

Mkono ukaondoka begani.

Ilikuwa hivi. Dafroza wa Nyakatuntu alijaliwa watoto kama mgomba unavyochipuza, na dada yake Anatolia, aliyeolewa Nyabiyonza, hakujaliwa hata mmoja. Kemirembe alipoacha ziwa, Dafroza alimfunga mgongoni mwa Anatolia kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya koo zote mbili, pombe ya rubisi ikanywewa, akarudi kwake mikono mitupu. Toka hapo Anatolia ndiye aliyemwamsha na ndiye aliyemlaza. Alipougua surua, ndiye aliyembeba mpaka misheni kwenye mvua, akimwimbia njiani ili asisinzie. Na alipofika umri wa kusoma, ndiye aliyesimama uani na kuwaambia mashemeji zake kwamba mtoto huyu atakwenda shule, na anayetaka wa kumchungia mbuzi azae wake. Dafroza alipokuja chuoni siku ya wazazi, alikuja kwa sababu Anatolia alikuwa ameanza kuumwa miguu, akamtuma.

Hayo yote Kemirembe alijaribu kuyasema pale ofisini kwa Kiingereza, haraka. Misi Pell alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mwanamke mbaya. Lakini chuo kilikuwa na kanuni: ruhusa ya msiba ilikuwa ya baba au mama. Wengine wote hawakuwamo, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, ndugu wa nchi hii hawana mwisho, na angewaruhusu wasichana kwa kila msiba madarasa yangekuwa matupu Januari mpaka Desemba.

"Aliyefariki ni anti yako," alisema. "Sema hivyo tu, hakuna aibu. Jumamosi ukimaliza mtihani wa kufundisha, utakwenda."

"Jumamosi watakuwa wameshazika, Misi."

"Basi utasali kaburini."

"Misi, aliyefariki ni mama yangu."

"Mama yako yu hai. Nilimpa mkono pale nje."

"Yule naye ni mama yangu."

"Kemirembe, hakuna mtu mwenye mama wawili."

"Kwetu mwenye mmoja tu ndiye tunayemwonea huruma," Kemirembe alisema. Hakukusudia ufidhuli, ila maneno yalitoka kama ufidhuli.

Cassian akamwinamia, akamwambia kwa Kinyambo, "Melkiory ameanza kuchimba. Mpakani."

Kemirembe akaweka chini vitabu alivyokuwa amevishika.

Melkiory alikuwa ndugu wa marehemu mume wa Anatolia, na sasa ndiye mkubwa wa kibanja kile, shamba la migomba la ukoo. Katika ukoo wao udongo wa kwanza hutupwa kaburini na mtoto wa marehemu. Mwenye mtoto huzikwa nyuma ya nyumba, na matanga yakiisha mtoto huyo huchomeka miche ya mlamula kulizunguka kaburi, ili jembe lisipite hapo milele. Asiye na mtoto huzikwa na mashemeji kule mpakani mwa shamba, bila mlamula, na mwaka ukigeuka hupandwa migomba juu yake. Baada ya mavuno kadhaa hakuna anayekumbuka kwamba pale chini kuna mtu. Anatolia aliliogopa jambo hilo kuliko kufa. Alikuwa hata hapendi kupita mpakani jioni.

"Ukitoka lango lile," Misi Pell alisema, "umetoka bila ruhusa, na umetoka kwa uongo."

Kemirembe alipiga goti kidogo, kama anavyoagwa mkubwa, akatoka. Akapanda kwenye keria ya baiskeli.

"Umesikia alivyosema?" Cassian aliuliza walipofika barabarani.

"Nimesikia. Kanyaga."

Walifika Nyabiyonza jua likiwa limeegemea vilima vya Rwanda. Watu walikuwa wamejaa uani, wanawake wamekaa kwenye majani ya migomba, wanaume wakizungumza kwa sauti ya chini. Anatolia alikuwa ndani, ameshafungwa kwenye mbugo, nguo ya gome la mti. Kemirembe aliingia, akakaa karibu naye, akauweka mkono juu ya ile mbugo nyekundu ngumu pale palipokuwa na bega. Alitamani kukaa hapo. Lakini kutoka nje alisikia jembe likigonga jiwe, mbali, upande wa mpakani, akainuka.

Melkiory alimpokea kwa upole wote wa mzee wa kanisa. "Karibu, binti. Pole na safari. Umefanya vizuri kuja kumzika mama yako mkubwa."

"Nimekuja kumzika mama, baba mdogo."

"Mama yako yule pale, amekaa kwenye majani." Akamwonyesha Dafroza. "Huyu ni mke wa ndugu yangu. Hakuacha mtoto, na sisi hatuna la kufanya, ni mipango ya Mungu."

Dafroza aliinuka. Alikuwa mwanamke mfupi, na macho yalikuwa yamevimba kwa kulia. "Melkiory, mimi nilimzaa tu. Nilimpa dada yangu ukiwepo. Ukanywa rubisi ya siku hiyo mpaka ukaimba, ukaanguka kwenye shimo la kuvundikia ndizi, wakaja kukuvuta wanaume. Leo hukumbuki?"

Msiba ni msiba, lakini watu walicheka. Kizee kimoja kikasema kutoka kwenye majani, "Nakumbuka mimi. Ulikuwa umekumbatia mkungu."

Melkiory alijifuta uso. Alipowatazama wanaume wa ukoo, aliona nao wanatazama chini wasicheke. Kaburi la mpakani likafukiwa tupu. Walichimba upya nyuma ya nyumba, kwa mienge ya mafunjo, na Kemirembe akachukua udongo kwa mkono wa kulia, akautupa wa kwanza. Ulikuwa udongo mwekundu wenye unyevu, ukambakia kwenye kucha.

Lakini jioni hiyo Cassian, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, aliwasimulia watu yote yaliyotokea chuoni, anti na mti wa ukoo na kanuni ya Misi. Melkiory alisikiliza kuliko wote. Asubuhi alimwita Kemirembe pembeni.

"Binti, jana wanawake wamenizidi maneno. Sina neno. Lakini mlamula bado. Utachomekwa mwisho wa mwezi, na kibanja hiki nakitawala mimi. Sasa nyinyi wasomi mna maneno yenu, na nayaheshimu, mimi ni mtu wa maendeleo. Jumatatu napeleka ndizi chuoni kwenu kama kawaida. Nitasikia Misi anamwitaje marehemu, na wewe mwenyewe unamwitaje mbele ya Misi. Ukisema mama, utachomeka mlamula. Ukisema anti, nitapanda migomba. Sitapigana na mtu."

"Utasikia," Kemirembe alisema.

Walimnyoa kichwa, kama wanavyonyolewa watoto wote wa marehemu, ndiyo kusema yeye peke yake. Jumapili jioni alirudi chuoni kwa miguu.

Misi Pell alimwita ofisini kabla hajavua viatu. Alikitazama kile kichwa kwa muda, kisha akageukia dirishani.

"Nimefikiri sana, sitakufukuza," alisema. "Wewe ni mwalimu mzuri kuliko wote niliowafundisha hapa. Ila wasichana wameona, na nikinyamaza kila mmoja atakuwa na mama kumi. Kesho kwenye mstari utasema kwa Kiingereza na kwa Kiswahili kwamba aliyefariki alikuwa anti yako, kwamba ulisema uongo, na kwamba unaomba radhi. Basi. Hatutalizungumza tena. Utapata cheti chako."

"Siwezi kusema hivyo, Misi."

"Kwa nini? Unadhani neno hilo ni tusi?" Misi Pell akakaa, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya darasani. "Mama yangu alikufa nikiwa mdogo. Nililelewa na anti yangu, dada yake. Alinishonea nguo, alinifundisha kusoma, alinisindikiza mpaka melini. Nilimwita anti mpaka siku aliyokufa. Nilimpenda sana. Neno halikumpunguza hata kidogo."

Kemirembe hakujua jambo hili. Alijikuta anamtazama yule mwanamke mwembamba, madoa ya chaki kwenye mikono ya blauzi, kana kwamba ameingia ofisini sasa hivi.

"Pole, Misi," alisema. "Ulimzika?"

"Nilikuwa hapa. Telegramu ilichelewa."

"Nani alitupa udongo?"

"Sijui. Padri wao, nadhani. Au mtu wa makaburini."

Jikoni mtu alikuwa anatwanga.

"Pole sana," Kemirembe alisema tena, naye alimaanisha. "Lakini Misi, kaburi lake hakuna anayetaka kulipanda migomba. La mama yangu yupo anayetaka. Atakuwa pale kesho, na ndizi zenu."

Akamweleza habari za Melkiory. Misi Pell alisikiliza huku anazungusha kalamu mezani, na mwisho akatikisa kichwa. Alisema anasikitika, lakini mila za ukoo si kazi ya chuo, na chuo hakiwezi kubadilisha maana ya neno kwa ajili ya shamba la mtu. Kanuni ni kanuni. Kesho, kwenye mstari.

Asubuhi, wakitandika vitanda, Xaveria alinong'ona, "Wewe, sema tu. Ni Kiingereza. Mimi nakisema kutwa, kikitoka mdomoni nakisahau. Nani atakuuliza?"

"Melkiory."

"Melkiory hajui Kiingereza."

"Lakini Misi ametaka na Kiswahili. Na anti analijua. Cassian amewafundisha Nyabiyonza nzima."

Xaveria alikunja blanketi lake, akalikunjua, akalikunja tena. Baba yake alikuwa na duka la bati, na alijua vizuri kwamba msichana aliyefukuzwa chuo hurudi nyumbani kungoja mume. Alitaka kulisema hilo. Badala yake akasema, "Basi funga kitambaa vizuri. Kichwa chako kinang'aa kama yai, utawachekesha watu wakati wa mambo makubwa."

Wasichana walijipanga mbele ya ofisi. Upande wa jikoni Melkiory na wapagazi wake walikuwa wameshatua mikungu, lakini hawakuondoka. Melkiory alivua kofia akaishika kifuani, kama yuko kanisani. Misi Pell aliomba sala, akasoma matangazo, kisha akasema, "Kemirembe ana maneno ya kuwaambieni."

Kemirembe akatoka mstarini. Alipofika mbele alifungua kitambaa, akakikunja, akakitia mfukoni. Hakuna aliyecheka.

Alianza kwa Kiingereza kama alivyoagizwa, na akasema kidogo tu: kwamba alitoka langoni bila ruhusa, na kwamba hilo ni kweli na adhabu yake ataipokea. Akageukia wasichana na jikoni, akaendelea kwa Kiswahili, sauti ikiwa imepanda ili ifike kwenye mikungu.

"Misi Pell alitufundisha neno anti, na alitufundisha vizuri. Dada wa baba ni anti. Mke wa mjomba ni anti. Jirani ni anti. Hata mzee mwenye kiko kwenye gazeti la Wazungu ni anti. Ni neno lenye nafasi kubwa, na mwenye kupenda kumtia mtu wake humo amtie, simzuii. Misi amemtia wa kwake, na alimpenda. Nimemwambia pole. Lakini nimeambiwa nimtie Anatolia humo, nikasimama hapa, nikasema nilidanganya. Sikudanganya. Mtu aliyenibeba kwenye mvua nikiwa na surua namjua. Aliyefungiwa mimi mgongoni mbele ya watu namjua, na watu wengine waliokuwepo siku hiyo wamesimama hapa sasa hivi, wameshika kofia."

Mpagazi mmoja alikohoa. Melkiory aliigeuza kofia, akaangalia ndani yake.

"Baba mdogo," Kemirembe alisema, "usinunue miche ya migomba. Mwisho wa mwezi nakuja na mlamula."

"Kemirembe." Misi Pell hakupaza sauti. "Uliambiwa useme nini?"

"Niliambiwa niseme alikuwa anti, Misi. Alikuwa mama."

"Unajua ukimaliza hivi utakwenda wapi."

"Najua. Sanduku nimeshafunga, liko juu ya kitanda."

Kwenye mstari Xaveria alianza kulia bila kujificha, mdomo wazi kama mtoto. Misi Pell alimwendea Kemirembe hatua chache, karibu kiasi cha kumgusa bega kama siku ile, lakini hakumgusa. Uso wake ulikuwa mwekundu. Alisema kwa Kiswahili chake cha polepole, kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, ingawa walisikia wote:

"Mimi sitaki uondoke. Acha habari ya anti. Omba radhi tu. Neno moja, kwa lugha yoyote unayotaka, na urudi kwenye mstari."

Kemirembe alizitazama kucha zake. Udongo mwekundu ulikuwa bado umo. Alikuwa ameoga, lakini hakuusugua.

"Siombi radhi, Misi," alisema. "Kwa Kiswahili siombi, kwa Kinyambo siombi, na kwa Kiingereza, ninachokijua vizuri, pia siombi."